Ndoo Iliyomngoja Rubani

Ndoo ilikuwa bado pale pale, kando ya mlango wa banda la ndege, na hakuna aliyethubutu kuimwaga.

Inspekta Hilaire Kaumba aliiona kabla hajamwona mtu yeyote. Ilikuwa ndoo ya bati iliyojaa maji mpaka ukingoni, na juu yake yameelea maua ya bougainvillea yaliyokwisha kunyauka na kugeuka rangi ya chai. Alichuchumaa, akachovya kidole, akanusa. Maji ya bomba tu. Akajifuta kwa leso, akaingia ndani.

Katika chumba kidogo cha ofisi alimkuta Lambert Kyoni, mwalimu mkuu wa shule ya urubani ya Likasi, ambaye wote walimwita Moniteur. Zamani uwanja huu ulikuwa wa Wabelgiji, wakirushia ndege zao siku za Jumapili. Walipoondoka waliacha ndege mbili na banda lenye paa linalovuja, na serikali ikaamua kwamba hapo ndipo vijana wa nchi watakapojifunzia kuruka. Lambert alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufuzu. Sasa alikuwa amekaa nyuma ya meza, mikono ameilaza juu ya mbao kama mtu anayesubiri kupigwa rula.

Habari yenyewe Hilaire aliijua. Alhamisi asubuhi, mwanafunzi aitwaye Symphorien Mbuyamba alipaa peke yake na ndege ya shule, akaanguka nayo katika ziwa la Tshangalele. Wavuvi walimwopoa akiwa amekwisha kufa. Bwana Nicolas wa Usalama alifika uwanjani kabla hata maiti haijafika mjini, akaandika maelezo ya Lambert: mwanafunzi aliichukua ndege bila ruhusa. Nicolas akayaongezea ya kwake: kijana alikuwa anatorokea Zambia.

Neno hilo, kutoroka, ndilo lililokuwa limewakalia watu shingoni. Maiti ya mtoro haikabidhiwi kwa jamaa kesi ikiwa haijafungwa. Symphorien alikuwa amelala katika chumba cha maiti cha hospitali, mlango unalindwa na askari. Baba yake, Isidore Mbuyamba, karani wa ghala katika kiwanda cha kampuni, alikwisha kuambiwa afungashe vitu vyake, kwa kuwa nyumba ya kampuni si ya wazazi wa mtoro. Ripoti ya Hilaire ndiyo iliyokuwa imebaki kati ya familia hiyo na barabara.

Alimwomba Lambert arudie maelezo yake. Lambert aliyarudia, neno kwa neno, macho yake ukutani. Hilaire aliyafuata macho yale. Ukutani, chini ya picha ya Rais, palikuwa na safu ya picha ndogo: watu wamelowa chapachapa, nywele zimeganda kwenye paji la uso, wote wanacheka. Mmoja alikuwa Mbelgiji mnene. Mwingine alikuwa Lambert mwenyewe, kijana, shati limemshika mwilini.

"Ile ndoo kule inje," Hilaire akauliza, "ni ya nini?"

"Ya kuosha ndeke, Inspecteur."

"Munaosha ndeke na maua?"

Lambert aliyarudisha macho yake ukutani.

Hilaire alikaa. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Tangu alipokuwa akijisomea sheria kwa taa ya mafuta katika mtaa wa Kikula, alizoea kuacha jambo lijisemee. Alinyoosha kidole kuelekea zile picha, akasema taratibu kwamba, kama hakukosea, mtu akifaulu safari yake ya mwisho hapa, wenzake humwagia maji akishuka, huku wakipiga makofi. Basi mtu aliyejaza ndoo ile Alhamisi asubuhi alijua kuna atakayerudi na brevet yake, cheti cha urubani.

"Hakuna muntu anachotea mwizi maji ya ubatizo, Moniteur."

Lambert aliiondoa mikono yake mezani.

"Ni minye nilimutuma," akasema mwishowe. "Aende paka kwa ziwa, azunguke bwawa, arudie. Ilikuwa ya mwisho. Kisha brevet."

Mengine yalitoka yenyewe, kwa sauti ya chini. Nicolas alipokuja hakuuliza ni nini kimetokea. Aliuliza: wewe ndiye uliyemfungulia mlango mtoro? Lambert alifikiria watoto wake, akajibu hapana, na baada ya hapana ile ya kwanza zilizofuata zilikuwa rahisi. Hilaire aliandika yote, akamsomea, Lambert akatia saini. Kisha akauliza nani aliitayarisha ndege.

Alikuwa fundi Théodore, mtu mfupi mwenye mafuta meusi kwenye mikunjo ya vidole. Ndoo ilikuwa yake pia. Maua aliyachuma mwenyewe kwenye ua wa uwanja. Alieleza kwa kifupi. Ndege ya shule ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine: mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma. Mwanafunzi akiruka peke yake nyuma panakuwa pepesi, basi huwekwa mfuko wa mchanga ndani ya sanduku la mizigo lililo karibu na mkia. Mfuko una mstari mwekundu. Mchanga ukifika kwenye mstari, umetosha. Walikuwa na jina lake.

"Tunaita Moniteur Mudogo," Théodore akasema. "Ju yeye haipige kelele."

"Na Alhamisi mufuko ulikuwa ndani?"

"Ulikuwa. Mvua ilikuwa imeingia kwa paa, mchanga ikalowa. Moniteur akasema Symphorien apeleke mufuko kwao, aijaze ingine. Akairudisha asubuhi. Tulinyanyua babili, minye na yeye." Akasugua mafuta vidoleni. "Nilimwambia, huyu moniteur yako amekula bugali mingi. Tukacheka."

Hilaire aliacha kuandika. Alimtaka fundi avae koti, waende ziwani.

*

Njia ya kwenda Tshangalele ilikuwa tope tupu, na jeep ya polisi ilifika saa sita imechafuka mpaka kioo. Nicolas alikuwa amewatangulia. Alikuwa amesimama ufukweni kwa viatu vyake safi, akiwatazama wavuvi wakimalizia kuivuta ndege kwa kamba. Ilikuja kinyumenyume, mkia kwanza, maji yakitiririka kwenye madirisha.

Mvuvi aliyemwopoa Symphorien aliitwa Octave, mzee aliyekuwa akianika samaki kando ya mtumbwi wake. Hilaire alimsogelea, akamsalimu, akauliza juu ya uvuvi kwanza na juu ya kifo baadaye. Octave alisema ndege ilifika vizuri, ikazunguka upande wa bwawa, ikapunguza mlio. Halafu ikainua pua. Aliinua kiganja chake kuonyesha.

"Ikakaa kwa mukia, sawa imbwa mwenye anaomba nyama. Kisha ikaanza kuzunguka, ikashuka. Haikulia tena."

"Ilikuwa inaangalia upande gani?"

"Ya Likasi. Alikuwa anarudia kwabo."

Nicolas alisikia, akacheka kidogo kwa pua. Alisema mtoro hodari huzunguka kwanza ili asifuatwe, kwani Zambia haihami. Hilaire hakubishana naye. Aliingia ndani ya maji mpaka magotini, suruali na yote, akachungulia ndani ya ndege. Théodore alimfuata.

Kando ya kiti cha mbele palikuwa na gurudumu dogo, la ukubwa wa kifuniko cha sufuria. Hilaire aliuliza kazi yake. Théodore alisema ni la kusawazisha pua: rubani akiona pua inapanda analizungusha kwa mbele, ikizama analizungusha kwa nyuma, mkono upumzike. Alitia mkono ili aonyeshe, akauacha hapo. Gurudumu lilikuwa limezungushwa mbele mpaka mwisho. Halikuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Alikuwa anapigana na pua," Hilaire akasema.

Fundi aliitikia kwa kichwa tu. Machozi yalikuwa yakimshuka bila sauti na hakuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika mlango wa sanduku la mizigo.

Moniteur Mdogo alikuwa ndani, amefungwa mikanda yake kama inavyotakiwa, mdomo umeshonwa kwa uzi wa gunia, mishono midogo, iliyonyooka. Ilibidi watu watatu wautoe mfuko huo. Hilaire alipitisha kisu kwenye mshono, akautazama mchanga. Haukuwa mchanga. Ulikuwa unga mzito wa kijani kibichi, aina inayoonekana kwenye viatu vya kila mfanyakazi wa Likasi atokapo kazini: madini ya shaba yaliyokwisha kusagwa, yakingoja tanuru.

Nicolas alishika kiasi mkononi, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Nilisema nini? Mutoro, na tena mwizi wa madini."

Hilaire alikaa juu ya ubao wa mtumbwi, akautazama mfuko kwa muda. Kisha alimwomba Octave mizani yake. Ilikuwa mti uliotundikwa katikati kwa kamba, na kila upande kopo moja la samaki. Alijaza kopo la kwanza mchanga wa ufukweni, akaulowesha sawasawa, kwa maana unga ule nao umekunywa maji ya ziwa. Kopo la pili alilijaza unga wa kijani mpaka kipimo kile kile. Akaachia. Upande wa unga ulishuka mara moja, ukagonga chini. Aliongeza mchanga upande wa pili, kiganja baada ya kiganja. Kopo lilikwisha kufurika, mchanga ukamwagika, na mti ulikuwa bado umelala upande ule ule.

"Karibu na mukia," alimuuliza Théodore, "uzito kidogo inafanya kazi ya mingi?"

"Njo vile, Inspecteur. Kwa njia, mbio ikiwa mingi, gurudumu inaweza kusaidia. Akipunguza mbio ili azunguke, gurudumu inashindwa, mukia inashuka."

Hilaire alimgeukia Nicolas. Alisema kwa upole kwamba mwizi anayekwenda kuuza hujaza mfuko mpaka mdomoni. Huyu aliishia kwenye mstari mwekundu, hakuuzidi hata kwa upana wa kidole. Aliyejaza mfuko huu hakuwa akipeleka madini popote. Alikuwa akitii kipimo cha shule.

Nicolas alifikiri. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililokuwa baya kwake kuliko yote.

"Sawa. Lakini madini haitembee yenyewe. Baba yake iko karani wa ghala." Alijipangusa unga kiganjani. "Jioni nitaenda kumukamata. Na ripoti yangu itabaki vile iko, paka mwenye alijaza ajitokeze aseme ju ya nini."

*

Kambi ya wafanyakazi ilikuwa imetulia namna ya mtaa wenye msiba. Mbele ya nyumba ya Isidore watu walikaa chini ya turubai, lakini hakuna aliyeimba. Kilio bila maiti ni jambo lisilo na mwanzo. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani miguu wameinyoosha, wakimzunguka Mama Germaine, mke wa Isidore, na kila aliyefika aliuliza kwa sauti ya chini kama hospitali imejibu. Masanduku yalikuwa yamepangwa barazani, yamefungwa kamba.

Isidore alimpokea Hilaire ndani. Alikuwa amevaa koti na tai. Alimpa kiti, akabaki amesimama mpaka mgeni alipomwomba akae.

Hilaire alisema kwanza yale mazuri aliyokuwa nayo: mwalimu amekubali kwamba alimtuma, na ndege ilikuwa ikirudi Likasi. Mzee aliinamisha kichwa, akashukuru. Ndipo Hilaire akauliza.

"Papa, ule mufuko wa shule, nani aliushona?"

Mzee alifunga kifungo cha koti lake.

Kisha Isidore alieleza, polepole, kama anayesoma hesabu za ghala. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Symphorien alikuja na mfuko mtupu, akasema anahitaji mchanga mkavu mpaka mstari mwekundu. Mchanga ukilowa unaongeza uzito, na ndege haipendi uzito usioandikwa. Mtoni kulikuwa na matope. Kwa majirani wajenzi, matope. Mtoto alitaka kutoka na sepetu usiku ule ule, baba akamkataza: lala, kesho unaruka. Mwenyewe akaupeleka mfuko kazini. Ghalani palikuwa na unga uliokwisha kukaushwa, mkavu kuliko chumvi. Katika miaka yake yote ya kampuni hakuwahi kutoka na msumari. Usiku ule alijaza mpaka mstari, hata chembe isizidi, akashona, akaufunga juu ya baiskeli.

"Nilitaka ikuwe kavu," akasema. "Ju isiongeze uzito."

Hilaire aliliandika neno hilo.

"Kwa mulima baiskeli ilinishinda, nikashuka, nikaisukuma. Nikasema, Isidore, umezeeka. Muntu wa kalamu, nazoea namba. Kubeba wanabeba bengine." Alimtazama mgeni wake usoni kwa mara ya kwanza. "Inspecteur. Njo ile mufuko iliangusha ndeke?"

Kulikuwa na majibu mengi ya kumpa, na Hilaire alikuwa amekuja nayo yote kutoka ziwani. Paa lilivuja. Mwalimu alitazama mstari, hakupima. Fundi aliona uzito, akacheka. Kila mmoja alitazama rangi nyekundu, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba katika mji huu vumbi lenyewe ni shaba. Yote hayo alimwambia, moja moja, kwa uaminifu, na yote yangekuwa kwenye ripoti. Lakini mzee alikuwa ameuliza jambo moja.

"Ilikuwa muzito, Papa," akasema. "Njo iliangusha."

Isidore alikunja mikono yake mapajani. Nje mwanamke mmoja alikohoa.

Hilaire alimweleza hali ilivyo. Bila mtu wa kusema nani alijaza mfuko na kwa nini, Nicolas ataandika kwamba kijana alikuwa akitorosha madini, na maiti itabaki ilipo. Akisema, itaitwa wizi wa mali ya taifa. Kazi itakwenda, nyumba itakwenda, na pengine gereza. Hakumwomba lolote. Alifunga daftari lake, akaliweka gotini.

"Fungua tena," Isidore akasema. "Andika jina yangu."

"Papa, fikiri kwanza."

"Wizi ni yangu. Mutoto azikwe na jina yake, isiyo na doa." Akateremsha sauti. "Lakini mama yake. Ya wizi ajue. Ya uzito asijue."

Mama Germaine alikuwa amesimama mlangoni, kikombe cha maji ya mgeni mkononi. Hakuna aliyejua alikuwa hapo tangu lini. Alimpa Hilaire maji kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, akarudi mkekani.

*

Nicolas aliisoma ripoti akiwa amesimama kwenye lango la hospitali. Aliisoma tena tangu mwanzo. Alitafuta mahali pa kuipinga na, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa na mtu asiyeruka hatua, hakupapata. Alimwita askari wa mlangoni, akamwambia aondoke. Kuhusu baba alisema tu kwamba jeep itangoja.

"Akimaliza kuosha mutoto," akasema, akaenda kusimama mbali.

Lambert alikuwa ukutani, hakuthubutu kuingia. Wazee wawili wa ukoo walikuwa wamekunja mikono ya mashati, wakiulizia maji, kwa sababu bomba la hospitali lilikuwa limekatika tangu asubuhi. Ndipo Théodore alipotokea barabarani. Alikuwa ametembea kutoka uwanja wa ndege na ndoo kichwani, na kutoka huko mpaka hapa alikuwa amemwaga kidogo sana. Aliitua mlangoni. Maua aliyaacha.

"Yalikuwa yake," akamwambia Isidore, akarudi nyuma.

Hilaire alibaki kizingitini. Aliona mzee akivua koti, akilikunja, akilegeza tai. Aliona akiinama kushika ndoo, na ndoo ikimkatalia, maji yakipigapiga ukingoni. Mama Germaine, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuwa humo, alipita katikati ya wazee bila kuomba njia. Alishika mpini upande wa pili.

"Ni muzito, Isidore," akasema. "Tunyanyue babili."

Mzee alimtazama mkewe, akaelewa kwamba anajua ya ule mfuko.

Waliinyanyua pamoja. Symphorien alikuwa amelazwa chali, macho amefumba, midomo ameibana, kama mtu anayejua kwamba wenzake wamemjia kwa nyuma na ndoo na anajikaza asicheke. Maji yalimwangukia kichwani, yakamshuka mabegani, maua yakabaki kifuani.

Hakuna aliyepiga makofi.